Nafasi ya Kutaja Jina

Mfungwa aliyeko Marekani akipiga simu nyumbani, wa kwanza kusikika ni mashine. Inatangaza kwa Kiingereza kwamba hii ni simu kutoka kwa mfungwa, halafu inaacha upenyo mdogo, na katika upenyo ule inapachika sauti ya mfungwa mwenyewe akitaja jina lake. Kisha inarudi: jina la gereza, onyo kwamba mazungumzo yanarekodiwa na huenda yakasikilizwa, namba ya kubonyeza ukikubali, namba ya kubonyeza ukikataa. Ukichelewa, simu inakatika. Ikiangukia kwenye kisanduku cha ujumbe wa sauti, kwa kawaida inakatika vilevile, maana hakuna wa kubonyeza. Na ukiikosa, huwezi kuipigia namba ile. Unakaa na simu mkononi mpaka apate zamu nyingine.

Upenyo ule wa jina ni wa sekunde chache na hautozwi. Wafungwa na familia zao wameujua kitambo. Badala ya jina, mtu anasema "nahamishwa kesho" au "mwambieni wakili aje", na aliyeko nyumbani anakata bila kulipa, habari kashaipata. Msomaji aliyewahi kubip kwa sababu hana salio hahitaji kuelezwa zaidi.

Namfahamu mama mmoja wa Fizi, Kivu Kusini, aliyekaa miaka mingi kambini Nyarugusu, wilayani Kasulu, kabla ya kuletwa hapa Lexington, jimbo la Kentucky. Kiswahili chake ni cha kwao, changu ni cha Muheza, na tunaelewana vizuri. Mwanawe mmoja amefungwa. Kesi sitaisimulia; si yangu, na mama mwenyewe hajaniruhusu. Mwanzoni alikuwa akizikata simu zote za gerezani, kwa sababu alisikia mashine ya Kiingereza akadhani ni matapeli wanaowasumbua wakimbizi kwa habari za kodi na hati. Siku moja nikiwa jikoni kwake alipokea akiwa ameweka spika, na baada ya maneno ya mashine tukamsikia kijana: "Mama, ni miye. Niko muzima." Mama aliyekuwa akikatakata sombe aliweka kisu chini. Mashine ikaendelea na maelezo yake, hakuna aliyebonyeza kitu, simu ikafa.

Tangu hapo amejifunza kuivumilia mashine mpaka ifike pale. Mwezi ukiwa mgumu na salio limeisha, anapokea, anangoja, anaisikia ile "ni miye, niko muzima", anakata. Kijana naye anajua kwamba kukatiwa si kukataliwa.

Mimi ni katibu wa baraza la wazee katika kanisa letu hapa mjini, kanisa la wanaosali kwa Kiswahili, wengi wao Wakongomani, wachache sisi wa Tanzania na Burundi. Nilipeleka kwenye kikao hoja fupi: sehemu ya fungu la diakonia itumike kujaza salio la simu kwa familia zetu zenye watu gerezani. Mzee mmoja akaipinga. Alisema Bwana, katika sura ile ya 25 ya Mathayo, anawahesabia haki watu waliomwendea alipokuwa kifungoni. Walikwenda. "Mama Katibu," akaniambia, "hakuna mahali tulipoagizwa kupiga simu." Na aliyesema hivyo si mtu wa maneno matupu. Gari lake limewapeleka akina mama wengi milimani, kwenye magereza ya mashariki ya Kentucky, wakati wa theluji, kwa mafuta yake mwenyewe. Kwa hiyo sikuweza kulichukulia neno lake kama ubishi wa kikaoni. Limenikaa, na nimelipa kazi ya kunifikirisha.

Je, sauti ya mtu ikifika, mtu mwenyewe amefika?

Nimezaliwa kwenye nyumba iliyolijibu swali hili kwa njia mbili. Upande wa baba ni Waanglikana wa Magila. Upande wa mama ni Waislamu. Mjomba wangu alipofungwa Maweni, Tanga, babu mzaa baba, ambaye kwa damu hakuwa chochote kwa mjomba, ndiye aliyepanda basi siku za kutembelea wafungwa. Kwake neno la Mathayo halikuwa na mlango wa pembeni: unakwenda. Bibi mzaa mama miguu ilikuwa imekwisha. Yeye alimpa kila msafiri salamu za kumfikishia mwanawe, na alipoona watu wanamhurumia alisema kwamba mafundisho aliyoyapokea kwa waliomtangulia, nao waliyapokea kwa Mtume, ni kuwa udugu unaweza kutiwa unyevu hata kwa salamu tu. Hakuona kwamba ametoa kidogo. Basi mzee wetu alipozungumza kikaoni, nilimsikia babu. Na nilipofungua mdomo kumjibu, aliyekuja ni bibi.

Hapa Marekani swali hili lilishafikishwa serikalini na bibi mwingine. Martha Wright alikuwa muuguzi mstaafu mjini Washington, na alikuwa kipofu. Mjukuu wake, Ulandis Forte, alifungwa, na baada ya gereza la Lorton lililokuwa jirani kufungwa mwaka 2001, wafungwa wa Washington walitawanywa kwenye majimbo ya mbali. Barua hakuweza kuisoma. Kusafiri nusu ya bara kwa umri ule na bila macho kulikuwa ni jambo la kuota tu. Mlango uliobaki ulikuwa ni sikio lake, na mlango huo ulikuwa na mtoza ushuru: nyakati zile simu ya dakika 15 kutoka gerezani kwenda jimbo jingine iliweza kufikia dola 17. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakapeleka ombi FCC, tume ya serikali kuu inayosimamia mawasiliano, wakidai bei ya haki. Tume ilikaa na ombi lile miaka 10. Mwaka 2013 ikaweka kikomo cha senti 21 kwa dakika kwa simu za jimbo kwa jimbo zilizolipiwa kabla. Bibi Martha akafariki mwaka 2015, kesi za kampuni za simu dhidi ya vikomo vile zikiwa bado mahakamani. Sheria yenye jina lake, inayoipa tume mamlaka juu ya simu zote za magereza, ilitiwa saini Januari 2023.

Mtu akiniuliza kama Martha Wright alimwendea mjukuu wake, nitasema alimwendea kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na akawasafishia njia watu wengi asiowajua. Hilo peke yake lingenitosha kumjibu mzee. Lakini naona jibu hilo linamkwepa, kwa sababu yeye hakuuliza kuhusu vipofu na wagonjwa. Aliuliza kama simu yenyewe, kwa asili yake, ni kwenda. Na ninapokumbuka nilichokishuhudia kwenye meza ya mama wa Fizi, siwezi kusema alikuwa anakosea.

Siku ambazo salio lipo, mama anajiandaa. Anachukua bahasha kuukuu, nyuma yake anaandika orodha: wakili, shati, bibi wa Uvira anaumwa, umeme, je, unakula? Simu ikiingia anabonyeza namba ya kukubali na macho yanakwenda kwenye saa ya ukutani. Kwao Fizi, sawa na kwetu Muheza, salamu hazina haraka. Unauliza za kulala, za wazee, za watoto, za wagonjwa, za mvua, na mwenzako anauliza zote hizo upya, na hakuna anayeona kwamba muda unapotea. Huyu mama, mtu mzima mwenye adabu zake, anazipiga salamu zote chini na kuanza na namba moja ya bahasha. Kijana anajibu. Namba mbili. Anajibu. Halafu mara moja, kwenye lile swali la chakula, kijana alinyamaza. Ulikuwa unyamavu wa mtu anayekusanya kitu kizito cha kusema. Mama akamwambia, kwa sauti ya juu kuliko aliyokusudia: "Sema, sema, pesa inaenda!" Kijana akasema anakula vizuri. Wakamaliza orodha, likaja tangazo kwamba imebaki dakika moja, wakaagana kabla ya wakati ili wasikatwe katikati.

Alichotaka kusema, mama hajakijua mpaka leo.

Nimekuwa nikilifikiria tukio hilo kuliko hotuba nyingi nilizosikia. Tunapomwendea mfiwa hatumpelekei habari. Tunakaa. Wanawake wanakaa mkekani, wanaume wanakaa nje kwenye viti vya kuazima, na sehemu kubwa ya msiba inapita bila mtu kusema la maana, na hakuna anayemuuliza mwenzake amekuja kufanya nini. Rafiki za Ayubu walipomkuta majivuni walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kutamka neno, na ndilo jema pekee walilolifanya katika kitabu kile kizima. Walipofungua midomo ndipo walipomkosea. Nikitafuta kile kinachofanya ziara iwe ziara, nakipata hapo: ni kumpa mtu muda ambao haumdai chochote, hata maneno. Ukiwa chumba cha wageni gerezani, mkiwa mmetenganishwa na meza, mnaweza kuishiwa maneno na bado mkawa pamoja. Ukiwa kwenye simu ya kulipia kwa dakika, kunyamaza ni hasara. Bei ile inakata kilichomo ndani ya kutembeleana, inakuachia maganda ya habari.

Basi mzee ana haki juu ya simu anayoijua yeye. Simu yenye mita si kwenda. Lakini kosa ni la mita. Sauti haina kosa. Mpe yule mama simu isiyohesabiwa, na kijana akinyamaza kwenye swali la chakula, mama atanyamaza naye, na wote wawili watakuwa wamefika mahali ambapo gari la mzee huwapeleka watu.

Wala hili si jambo la kuwazia tu. Jiji la New York liliacha kuwatoza wafungwa na familia zao simu za jela mwaka 2019, San Francisco mwaka 2020. Connecticut likawa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya simu za bure kwa magereza yake, mwaka 2021. California likafuata kuanzia Januari 2023, kisha Minnesota na Massachusetts mwaka uleule. Kuta za magereza hayo hazikuanguka. Kentucky halimo katika orodha hiyo. Na vikomo vya bei vya serikali kuu vimekuwa vikipanda na kushuka: mwaka 2024 FCC, kwa kuitekeleza sheria ya Martha Wright, ilivishusha hadi senti 6 kwa dakika kwenye magereza na ikapiga marufuku gawio ambalo kampuni za simu huzilipa jela ili zipewe mkataba, mwaka 2025 tume hiyohiyo ikausogeza mbele utekelezaji, kisha ikavipandisha tena vikomo. Gawio hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Maana yake ni kwamba mwenye funguo alikuwa na fungu lake katika kila "mama, ni miye".

Kuna la kurekodiwa pia. Mama wa Fizi alipoelewa kwamba kila neno linahifadhiwa na huenda mtu akalisikiliza, alikaa kidogo akauliza kama anaweza kumwombea mwanawe kwa simu, au maombi nayo yatawekwa faili. Nilimwambia yatawekwa. Akasema basi na yawekwe. Bibi yangu aliamini kwamba kila mtu ana malaika wawili mabegani wanaoandika alisemalo, na sikumwona akipunguza maneno kwa sababu hiyo. Lakini malaika hawaandiki ili wakutege, na kijana anayeongea na mama yake huku akipima kila sentensi itasikikaje mahakamani hawezi kutubu kwake kwa moyo mweupe. Hili sijui litatuliwe vipi. Gereza lina sababu zake za kusikiliza; watu wamepanga mauaji kwa simu hizo. Nasema tu kwamba toba inataka faragha, na faragha ile hakuna anayeiuza kwa bei yoyote.

Hadithi ya Yusuf ni ya nyumba zetu zote mbili, ya Magila na ya upande wa mama, na katika zote mbili kuna kisehemu ambacho wahubiri hukipita haraka wakikimbilia ndoto za mfalme. Yusuf yuko gerezani. Mfungwa mwenzake anakaribia kutoka arudi kumtumikia bwana wake, na Yusuf anamwomba jambo moja: ukifika huko, nitaje. Yule mtu anatoka, anasahau. Yusuf anaendelea kukaa ndani. Mwanzo inasema miaka miwili, Qurani inasema miaka kadhaa. Ujumbe wake haukuzuiwa na askari wala haukupotea baharini. Ulipewa mtu mzima mwenye akili zake, ukafia kichwani mwake. Nadhani kila mfungwa anaijua hofu hiyo kuliko hofu ya ukuta: kwamba amekwisha kutajwa kwa mara ya mwisho huko nje na hakuna aliyegundua. Ndiyo maana zile sekunde za jina zina uzito mkubwa namna ile. Mfungwa anajitaja mwenyewe, kwa sauti yake, bila kumtegemea mtoka gerezani yeyote.

Lakini kutajwa na mwingine nako kunabaki kuwa na utamu ambao mtu hawezi kujipa. Hapa Kentucky, katika mji mdogo wa Whitesburg milimani, kuna redio ya jamii iitwayo WMMT, inayoendeshwa na kituo cha sanaa cha Appalshop. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza mawili makali, Red Onion na Wallens Ridge, yalifunguliwa ng'ambo ya mpaka, Virginia, katika milima ambako migodi ya makaa ya mawe ilikuwa imefifia. Walioletwa humo wengi walikuwa watu weusi kutoka miji ya mbali. Watangazaji vijana waliokuwa wakipiga muziki wa hip hop walianza kupata barua kutoka magerezani, kisha simu za ndugu wa wafungwa wakiomba wimbo au salamu. Kutokana na hayo kikazaliwa kipindi cha Calls from Home. Ndugu wanapiga namba isiyotozwa, wanaacha ujumbe wa sauti, na Jumatatu usiku jumbe hizo zinarushwa mfululizo. Mfungwa anasikiliza kwenye redio ndogo ya plastiki angavu, iliyotengenezwa hivyo ili askari waone kama kuna kitu kimefichwa ndani.

Sisi tuliolelewa na Radio Tanzania hatuna mshangao hapa. Tulikuwa na Ugua Pole, wagonjwa wakiwasalimia jamaa zao kutoka vitandani, na mtaa mzima ukinyamaza kusikia kama kuna jina la mtu wa kwetu. Tulijua kuwa salamu za mgonjwa mmoja zinawafariji wagonjwa wote waliolala wadi ile. Ndivyo wanavyosema pia ndugu wa wafungwa wa milimani: mama anampelekea mwanawe neno, na kijana wa chumba cha tatu, ambaye hakuna aliyempigia miaka yote, analipokea neno lilelile kama lake.

Nilimpigia mama wa Fizi namba ile, nikamwachia simu. Mashine ikalia, akaniangalia. Nikamwambia, "Mama, sema unachotaka, hii hailipiwi." Akaanza na salamu. Salamu zote. Za kulala, za kazi, za mwili, za wenzake wa humo ndani, ambao aliwaita wanangu. Akamweleza habari za bibi wa Uvira kwa kituo, na za jirani aliyejifungua. Halafu akanyamaza, na mashine ikaendelea kurekodi ule unyamavu, pumzi yake na friji ikinguruma nyuma. Hakutazama saa. Aliporudi alisali kwa Kibembe, sikuelewa neno, na akamalizia kwa Kiswahili kwamba yeye yuko, hajaenda popote.

Alikuwa akizungumza na mtu ambaye hakuwepo upande wa pili, ambaye angesikia baadaye, au asisikie kama usiku ule redio yake imekufa betri au kazuiwa. Hangepata jibu lolote la kumhakikishia. Na nilipomtazama niliona kwamba kazi hiyo hakuwa mgeni nayo. Ameifanya magotini kila alfajiri tangu Fizi. Anayesali anazoea kusema yote, kisha kuondoka bila risiti. Sidai kwamba ujumbe wa sauti ni sala. Nadai kwamba mtu aliyezoea sala anajua namna ya kuacha ujumbe: hajifupishi kwa sababu hajibiwi, wala hadhani kwamba kutojibiwa ni kutosikilizwa. Baada ya kumwona sikuweza tena kukubali kwamba yule mama alikuwa hajamwendea mwanawe. Alikwenda, akakaa, akanyamaza naye, akaomba, akaondoka bila kumdai kitu. Kitu pekee kilichokosekana ni mwili wake.

Na mwili si kitu kidogo. Hapa narudi upande wa mzee, na narudi kwa moyo wote. Kuna jela za wilaya nchini humu zilizofuta kabisa ziara za ana kwa ana na kuweka video za kulipia. Mwaka 2024 familia za wilaya mbili za Michigan, St. Clair na Genesee, zilikwenda mahakamani, na miongoni mwa walalamikaji wamo watoto, wakidai haki ya kumkumbatia mzazi. Nilipoisoma habari hiyo nilimwelewa mzee kuliko yeye alivyojieleza. Anaogopa kwamba tukishasema simu ni kwenda, kuna mtu atafunga mlango na kutuambia mnayo simu, tulieni. Imani yetu yote inasimama juu ya Neno ambalo halikuridhika kubaki sauti. Lilichukua mwili likakaa kwetu. Mkristo anayesema sauti inatosha amesahau Krismasi. Kwa hiyo nikisema simu ni kwenda, nasema juu ya mtu aliyezuiwa na umbali, ugonjwa, umaskini au zamu ya kazi. Mwenye gari na Jumamosi ya mapumziko, anayepiga simu kwa sababu barabara inamchosha, yeye bado anadaiwa.

Kikaoni kulikuwa na neno jingine zito, na lilitoka kwa mama mmoja ambaye mdogo wake aliuawa, si hapa, nyumbani Kongo. Alisema wafungwa wanapigia mama zao, lakini mdogo wake hapigi. Hatukuwa na cha kumjibu, na mchungaji alifanya vizuri kutotafuta. Mimi nilimfuata baadaye nikamwambia kwamba fungu hili halipunguzi chochote katika haki ya mdogo wake. Akasema anajua. Akasema hataki lipigiwe makofi, basi. Tangu wakati huo sijalisoma tangazo la fungu lile kanisani kwa sauti ya shangwe.

Mhazini naye alikuwa na lake, la hesabu, na ndilo lililotuchelewesha. Alisema kila dola ya sadaka tutakayojaza kwenye salio inakwenda kwa kampuni, na sehemu yake inaweza kurudi kwa wenye jela kama gawio. Kwa hiyo tunamlisha yule yule anayetunyonya. Ni kweli. Tukilipa, biashara inanenepa. Tusipolipa, kijana wa Fizi anabakiwa na sekunde za jina. Nilisema tulipe, kwa sababu njaa ya leo haingoji sheria ya mwakani, na Msamaria aliyemwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili hakuuliza kwanza faida ya nyumba ile inakwenda wapi. Lakini nilisema pia kwamba tukilipa na kunyamaza tutakuwa wateja wazuri tu.

Kwa hiyo baraza limekubali kulipa kwa kipindi cha majaribio, na pamoja na malipo inakwenda barua kwa wawakilishi wetu huko Frankfort, makao makuu ya jimbo. Nimeiandika mimi kwa Kiingereza, nikawasomea wazee kwa Kiswahili. Inaomba kile ambacho Connecticut na California wamekwisha kufanya: simu isiyotozwa kwa mfungwa wala kwa nyumba yake, na ziara za ana kwa ana zisipunguzwe hata siku moja kwa sababu ya simu hiyo. Inaomba pia mashine iwe na Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Mzee aliipitia mara mbili, akauliza maana ya sehemu moja, akatia saini. Chini ya saini akaongeza, kwa mkono wake, kwamba serikali ilipie vilevile basi la kuwapeleka akina mama milimani, na kwamba mpaka litakapopatikana yeye anaondoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri na ana nafasi tatu.